Godot kwa Ndugu wa Tumbo Moja: Tathmini ya Injini ya Kutengenezea Michezo ya Simu

Kwa ndugu wawili wanaotaka kutengeneza mchezo wa simu baada ya saa za kazi na masomo, wakiwa na kompyuta mpakato moja ya kawaida na bando la kuhesabu, sijaona chombo kinachowafaa kuliko Godot. Nasema hivyo baada ya kuitumia pamoja na mdogo wangu wa kike hapa Tanga, mimi nikiandika msimbo na yeye akichora na kupanga mitaa, katika mchezo wa muuza madafu anayezunguka mitaa ya Ngamiani, hapa hapa mjini, kwa baiskeli. Tathmini hii inahusu Godot 4, na inaitazama kwa jicho la watu wa nyumbani wanaoifanya kazi hii kwa kuipenda, kwa sababu mambo ambayo kampuni kubwa huyaona madogo, kama vile ukubwa wa faili la kupakua au namna watu wawili wanavyogawana kazi, ndiyo yanayoamua kama mradi wa ndugu utafika popote.

Godot ilianzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, ambao waliitumia kwanza katika kazi zao wenyewe kabla ya kuifungua kwa watu wote mwaka 2014 chini ya leseni ya MIT. Toleo la 4.0 lilitoka Machi 2023. Leseni hiyo ina maana kwamba unaipakua bila kulipa na bila kufungua akaunti, na mchezo utakaoutengeneza ni wako wote, uugawe bure au uuze; unachodaiwa ni kuweka tamko la leseni mahali fulani pa kuonekana. Jambo hili lina uzito kuliko linavyosikika. Mwezi Septemba 2023 kampuni ya Unity, ambayo injini yake imetumika katika michezo mingi sana ya simu, ilitangaza ada ambayo ingehesabiwa kwa kadiri mchezo unavyosakinishwa baada ya kuvuka viwango fulani. Watengenezaji walipinga kwa nguvu, masharti yakalegezwa, na Septemba 2024 ada hiyo ikafutwa. Watu wanaotengeneza kwa mapenzi hawangefikia viwango vile, lakini wao ndio wenye kazi ya vipande vipande, saa moja leo, hakuna kitu kesho, Jumapili nzima wiki ijayo, na mradi wao unaweza kuchukua miaka. Anayefanya kazi kwa mwendo huo anahitaji chombo ambacho masharti yake hayatabadilika akiwa katikati ya safari, na nakala ya Godot uliyokwisha kuichukua kwa leseni ya MIT haiwezi kunyang'anywa.

Faili la kupakua, likiwa limebanwa, halifiki MB 150. Ukilifungua hupati kazi ya kusakinisha: ni programu moja unayoibofya ikaanza, na unaweza kuibeba katika flashi na kuifungulia kwenye kompyuta ya ofisini, ya rafiki, au ya shule mwalimu akiruhusu. Injini nyingine zenye umaarufu mkubwa huchukua GB kadhaa kabla hujachora hata mstari mmoja. Kuhusu kompyuta yenyewe, Godot 4 ina njia tatu za kuchora picha kwenye kioo, na anayetumia mashine ya zamani anapaswa kuchagua ile iitwayo Compatibility tangu anapoanza mradi, kwa sababu hutumia OpenGL, njia ya zamani ya programu kuzungumza na kadi ya picha, ilhali nyingine mbili zimejengwa juu ya Vulkan na wenzake wapya, ambazo kadi nyingi za picha za zamani hazina. Kwa mchezo wa simu wa pande mbili, yaani 2D, hakuna ulichokosa kwa kuchagua hivyo. Na kama mashine yako imechoka kabisa, tawi la Godot 3 halijatupwa. Toleo la 3.6 lilitolewa Septemba 2024 na bado linakubali OpenGL ES 2.0.

Sasa nifike kwenye kiini. Katika Godot kila kitu ni nodi, na nodi zikikusanywa hufanya onyesho, na onyesho moja linaweza kuwekwa ndani ya jingine. Baiskeli yetu ni onyesho: ndani yake mna nodi ya mwili unaosogea, nodi ya picha, nodi ya umbo linalogusana na vitu vingine, na nodi ya sauti ya kengele. Shimo la barabarani ni onyesho jingine, mteja wa madafu ni jingine, na mtaa mzima ni onyesho linalowakusanya wote. Anayejua namna mkeka unavyotengenezwa pwani ataelewa mara moja: mmoja anasuka ukili wake hapa, mwingine anasuka wake nyumba ya pili, kisha kili hizo hushonwa pamoja, na hakuna aliyelazimika kukaa juu ya goti la mwenzake. Mdogo wangu alimaliza wateja wake wote, mama mwenye kanga, fundi wa cherehani, watoto waliotoka madrasa, wakati mimi bado nahangaika na namna baiskeli inavyokata kona, na siku tuliyoviweka pamoja wateja wake walisimama kwenye mtaa wangu bila mimi kugusa chochote ndani yao.

Huo ndio ubora ninaouweka mbele ya mengine yote. Ndugu wengi hushindwana si kwa kukosa upendo bali kwa kufanya kazi juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, huyu akibadilisha alichokipanga yule. Godot haina njia yake yenyewe ya kuwawezesha watu wawili kuhariri onyesho moja papo kwa papo, na mkijaribu kuunganisha mabadiliko mawili ya onyesho lile lile mtapata shida. Lakini mgawanyo wa maonyesho unakuwezesheni kuweka sharti la nyumbani, kwamba kila onyesho lina mwenyewe, na asiye mwenyewe haligusi mpaka aombe. Sisi tumelishika sharti hilo na limetutunzia amani. Tena maonyesho huhifadhiwa kama faili za maandishi ya kawaida, kwa hiyo anayeijua Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, anaweza kuona mstari kwa mstari kilichobadilika, na asiyeijua anaweza kunakili folda ya mradi kwenye flashi na kuitia tarehe katika jina. Njia ya pili si ya kitaalamu, ila kwa kuanzia inatosha.

Kuna kitu kingine ambacho maelezo mengi hukipita haraka nami sitaki kukipita. Katika lugha ya Godot, iitwayo GDScript, ukiweka neno @export mbele ya kigezo, kigezo hicho hujitokeza pembeni mwa kioo kama kisanduku cha kujazia namba, na asiyeandika msimbo anaweza kukibadilisha bila kufungua hati yoyote, yaani faili la msimbo. Niliviweka hivyo kasi ya baiskeli, idadi ya madafu kwenye keria, na namna yanavyoyumba ukipita shimoni. Kuanzia hapo mdogo wangu ndiye aliyekuwa mwamuzi wa ladha ya mchezo. Alikuwa akicheza, anasimamisha, anabadilisha namba, anacheza tena, na akiona imekuwa ngumu kupita kiasi ananiambia, "Kaka, Barabara ya Nane imekuwa ya adhabu, hebu niachie niilegeze." Mimi mwandishi wa msimbo huona mchezo ni mwepesi kwa kuwa najua kila kitu kinatoka wapi, yeye huuona kama mchezaji. Chombo kinachompa mtu wa namna hiyo usukani halali, badala ya kumfanya aombe kila badiliko, kimemheshimu.

GDScript yenyewe inafanana kwa sura na lugha ya msimbo iitwayo Python: hakuna mabano ya vishada wala nukta-mkato kila mwisho wa mstari, na mpangilio wa nafasi za mwanzoni mwa mstari ndio unaoonyesha kipi kiko ndani ya kipi. Maneno ya msingi ya lugha ni ya Kiingereza, lakini majina unayoyatunga wewe yanaweza kuwa ya Kiswahili, na napendekeza kwa moyo wote yawe hivyo. Hati yetu ina kasi, salio, madafu_yaliyobaki, na kazi (kifungu cha msimbo kinachotenda jambo moja) iitwayo mwaga_dafu, na mtu wa nyumbani akiisoma anapata picha ya kinachotokea hata kabla ya kufundishwa. Kwa njia hiyo mdogo wangu, aliyekuja kwenye mradi kama mchoraji, alianza kusoma hati zangu, na baadaye akaandika yake. Kilichomvutia ni ishara. Godot huruhusu nodi moja kutangaza kwamba jambo limetokea, kwa mfano kwamba mwili umeingia katika eneo la shimo, na nodi nyingine ikasikia tangazo hilo na kutenda. Aliunganisha mwenyewe ishara ya shimo na dafu linaloanguka, kisha akaongeza kwa hiari yake kwamba mtoto aliye karibu analiokota na kukimbia nalo.

Jambo moja la GDScript lazima lielezwe mapema kwa anayeanza, hasa kwa mazingira yetu ya simu za bei tofauti. Kazi iitwayo _process huitwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye kioo, na simu moja inaweza kutoa fremu 30 kwa sekunde wakati nyingine inatoa 60 au 120. Ukiandika kwamba wingu lisogee pikseli 2 kila fremu, kwa mwenye simu nzuri litapaa, na kwa mwenye simu ya kawaida litakokota. Dawa yake ni delta, muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, ambao Godot hukuletea tayari. Ukizidisha kasi kwa delta, wingu litavuka kioo kwa muda ule ule kwenye kila simu. Kwa miili inayosogezwa na move_and_slide hesabu hiyo inafanywa na injini yenyewe, kwa hiyo huko usiirudie.

Ramani ya Ngamiani iliufaa mradi huu kana kwamba iliandaliwa kwa ajili yake. Mitaa yake imenyooka na kukatana kwa mpangilio, nayo huitwa kwa namba, na Godot ina nodi ya vigae, TileMapLayer, ambayo hukuwezesha kuchora vipande vichache vya barabara, ukuta, kibaraza na mti, kisha kuvipaka juu ya gridi mpaka mtaa uonekane. Vigae vinaweza kubeba umbo la mgongano, hivyo ukuta ukipakwa unakuwa ukuta kweli. Hatua ya kwanza ya mchezo inaishia relini, mahali ambapo Ngamiani inatengana na upande wa katikati ya mji, na hatua ya pili inakwenda mpaka Raskazone ambako barabara ni pana na upepo wa bahari unaisukuma baiskeli. Mapango ya Amboni tumeyaweka akiba.

Picha zote amezichora kwa Krita na sauti tumezisafisha kwa Audacity, zote programu huria za bure, na hazikutuletea taabu ya kusimuliwa. Maandishi ya mchezo tumeyaweka katika jedwali la CSV lenye safu ya Kiswahili na safu ya Kiingereza, na Godot huchagua kwa kutazama lugha ya simu. Ni kazi ya jioni moja, na sioni sababu ya mchezo unaotengenezwa Tanga kuwa na vitufe vya Kiingereza pekee.

Kwa upande wa kujifunza, maelezo rasmi yameandikwa kwa Kiingereza, na mafunzo ya Kiswahili ni haba mno. Hili ni pengo la kweli, na kwa ndugu ambao Kiingereza chao ni cha kuungaunga linaweza kuwa kikwazo kikubwa kuliko msimbo wenyewe. Kinachopunguza makali ni kwamba maelezo ya kila nodi na kila kazi yamo ndani ya programu na husomeka bila intaneti kwa kubonyeza F1, na mwongozo mzima unaweza kupakuliwa mara moja ukasomwa wakati wowote. Katika mwongozo huo mna somo la kutengeneza mchezo wa kwanza wa pande mbili. Lifuateni lote mpaka mwisho, wawili pamoja, kabla ya kuanza wazo lenu wenyewe. Anayekijua Kiingereza zaidi asome kwa sauti na kufasiri, na mwingine ashike kipanya.

Mahali ambapo sifa zangu zinapungua ni pale mchezo unapotakiwa kutoka kwenye kompyuta na kuingia katika simu. Ule wepesi wa mwanzo unaishia hapo. Inakubidi upakue violezo vya kusafirishia mchezo, ambavyo kwa Godot 4 ni kama GB 1, kisha OpenJDK 17 (programu ya Java), kisha vifaa vya Android vya Google, kisha uionyeshe Godot njia ya kila kimoja, na utengeneze faili la ufunguo wa kutia saini. Kila hatua ina maelezo, lakini ni hatua nyingi kwa mtu ambaye mpaka jana alikuwa akifurahia kubofya na kucheza, na jumla ya bando linalohitajika inavuka mara nyingi ile ya injini yenyewe. Ushauri wangu ni kulifanya zoezi hili mapema, mchezo ukiwa bado ni mraba mmoja unaosogea, mahali penye intaneti ya uhakika, ili siku mchezo ukiwa tayari msikwame mlangoni. Ufunguo wa kutia saini uhifadhiwe sehemu mbili tofauti: Android haikubali kusasisha programu iliyosakinishwa kama toleo jipya halina saini ile ile, kwa hiyo aliyegawa mchezo wake mkono kwa mkono akipoteza ufunguo hana njia ya kuwapelekea wachezaji wake toleo la pili bila wao kufuta la kwanza.

Baada ya kuupita mlango huo, raha inarudi. Simu ikiunganishwa kwa kebo ya USB na kuruhusiwa, kitufe kimoja kwenye Godot huupeleka mchezo simuni na kuuanzisha, na makosa yanaonekana kwenye kompyuta wakati mwenzako anacheza. Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni vioo: simu hazilingani urefu, kwa hiyo wekeni mapema mpangilio wa kutanua picha, na vitufe vifungwe kwenye kingo badala ya kupangwa kwa namba za pikseli. La pili ni vichakataji. Simu nyingi za bei nafuu bado zinaendesha Android ya biti 32, na faili lililosafirishwa kwa biti 64 pekee halitafunguka humo. Mnaweza kutia aina zote mbili, ila faili litakua, na hata mchezo mtupu wa Godot 4 hauanzii chini ya MB 20. Kwa mtu anayeupokea kwa Bluetooth kibarazani hilo si tatizo, ila anayepakua kwa bando lake atalihisi.

Ipo pia Godot ya kufunguliwa kwenye simu au tableti ya Android. Kwenye tableti yenye kibodi ni msaada wa kweli kwa nyumba yenye kompyuta moja, kwa kuwa mmoja anaweza kupanga vigae huku mwingine anaandika. Kwenye simu ya kawaida kioo kinabana, na sishauri mtu aanzie huko. Kwa ndugu wadogo kabisa, wa shule ya msingi, Scratch itawafaa zaidi. Na wasiotaka kuandika msimbo hata kidogo waitazame GDevelop, ambayo nayo ni programu huria. Anayeota kuajiriwa na kampuni ya michezo ajifunze Unity pia, kwa sababu kampuni nyingi bado zinaitumia. Asiseme tu kwamba Godot ni ya wanafunzi: Brotato, mchezo uliouzwa kote duniani na kufika kwenye simu, ulitengenezwa kwa Godot.

Limebaki la duka. Kusajili akaunti ya mtengenezaji kwenye Google Play ni dola 25 za Marekani, zinazolipwa mara moja, tofauti na Apple ambao hutoza dola 99 kila mwaka. Duka la Google linataka faili la aina ya AAB, ambalo Godot hulitoa ukiwasha njia ya ujenzi iitwayo Gradle. Kizingiti kikubwa zaidi kwa mtu binafsi ni kile kilichowekwa kwa akaunti zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023: kabla ya kuruhusiwa kuutoa mchezo kwa umma, lazima uwe na wajaribio wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Sisi kwa sasa tunaugawa mchezo kwa njia mbili, faili la APK, lile la kusakinisha moja kwa moja simuni, kwa jamaa na majirani, na toleo la kuchezwa kwenye kivinjari lililowekwa kwenye itch.io, tovuti ya kugawia michezo, ambalo tangu Godot 4.3 linaweza kusafirishwa bila nyuzi nyingi (kazi kadhaa zinazoendeshwa kwa pamoja) na hivyo kukubalika na vivinjari vingi zaidi. Ndugu wanaoanza ningewashauri wafuate njia hizo mbili kwanza, na ile dola 25 wailipe pale mchezo utakapokuwa umeshapata watu 12 wanaoufungua kwa hiari yao bila kukumbushwa.